Mapafu ya Mbwa Wangu

Mbwa wangu namkatia moyo wa ng'ombe na shingo za kuku, vyote vibichi. Maini na mapafu huyachemsha kwanza, ingawa mwenye bucha hunicheka. Vifuko vya maji vilivyomo humwambukiza mbwa mnyoo tegu mdogo mno. Mayai yake hutoka na kinyesi, na mtoto achezaye uani huyameza. Kule Turkana, kaskazini mwa Kenya, ugonjwa huu unafahamika sana: uvimbe hukua ndani ya ini kwa miaka, hata kisu cha daktari kihitajike.

Mimi nina jiko la gesi. Mlinzi wa jirani hurushia mbwa masalia ya machinjioni yalivyo. Viungo vilivyokataliwa na mkaguzi hutupwa wapi, na shimo hilo lina mfuniko? Nimemwandikia bwana afya wa kata yetu mara mbili.