Ulimbo Dirishani

Kwa zaidi ya miaka thelathini nilichora ubaoni mmea ambao sikuwahi kuuona. Nilitoka chuo cha ualimu mwaka 1983 na masomo mawili mkononi, Kiswahili na Baiolojia, na kila tulipofika kwenye mada ya lishe nilichora jani refu lenye vinywele, kila kinywele nikakitia tone nchani. Drosera, niliandika chini yake, kisha maelezo ya Kiingereza, nao wanafunzi wakayanakili.

Siku moja, katika miaka yangu ya mwanzo, msichana wa dawati la nyuma aliuliza, “Mwalimu, ni kama ulimbo?” Nikamjibu kwamba hiki si kipindi cha Kiswahili, aulize kwa Kiingereza. Alikaa. Sikumbuki kumsikia akiuliza lolote tena mwaka ule.

Nami ulimbo niliujua vema. Nimekulia Tanga, tulikinga utomvu wa mfenesi, tukaupaka vijitini, tukajibanza kungoja ndege.

Nilipostaafu nilihamia Lushoto. Mpwa wangu aliyekuwa akisoma Afrika Kusini akaniletea bahasha ya mbegu za Drosera capensis, mmea wa asili ya Rasi. Mbegu zilikuwa laini kama vumbi la chaki, ila nyeusi. Nilikuwa na tangi la kioo lililowahi kufugiwa samaki, nikaona litafaa: litazuia upepo wa mlimani na kutunza unyevu. Kwa udongo niliagiza vumbi la makumbi kutoka pwani, nikalichanganya na mchanga. Mbegu nikazinyunyiza juu bila kuzifukia, maana huhitaji mwanga ili ziote. Wiki kadhaa baadaye palitokea vidoa vya kijani vidogo kuliko kichwa cha pini. Baada ya mwezi vyote vilikuwa vimekauka.

Mtu wa Tanga nilipaswa kujua. Makumbi ya kusokotea kamba huzikwa miezi mingi kwenye mchanga wa ufukwe ili yalainike, na vumbi lake hubeba chumvi ya bahari. Mmea huu hauvumilii chumvi, wala maji ya kisima yenye madini, wala mbolea. Kwao ni kwenye udongo maskini wenye majimaji, usio na naitrojeni ya kutosha. Ndiyo sababu ya kuwatafuta wadudu. Ukiulisha kwenye mizizi kwa huruma, unauua. Mara ya pili nililiosha vumbi lile kwa maji ya mvua siku tisa, na tangu hapo nakinga mvua ya paa tu. Kiangazi kikizidi nanunua maji yaliyokenekwa. (Kukeneka! Kitenzi kizuri namna hii, na sijui ni lini mara ya mwisho nilikisikia kikitamkwa.)

Miche kumi na mmoja ilishika. Jani la kwanza lililokomaa nililigusa kwa ncha ya kidole, nalo likatoa uzi mwembamba unaong’aa, ukavutika usikatike. Nilijisikia nikisema peke yangu, kwa sauti, “Ulimbo.”

Darwin alichapisha kitabu kizima juu ya mimea hii mwaka 1875. Aliipa vipande vya nyama na vipande vya kioo, akaona kwamba majani hayavipokei kwa namna moja: nyama hushikwa kwa muda mrefu, kioo huachiliwa mapema. Sina subira yake, lakini nimeketi asubuhi nzima nikimtazama nzi mmoja. Vinywele vya jirani vilimwinamia kimoja kimoja, na kufikia alasiri jani lenyewe lilikuwa limejikunja juu yake kama mkeka.

Mjukuu wangu alikuwapo. “Babu, amemkamata!” Nikamsahihisha papo hapo, kama nilivyozoea: “Umemkamata. Mmea, ngeli ya u-i.” Akaniuliza, “Kwa nini? Si anakula nyama?” Nilifungua kinywa, sikupata la kumjibu. Ngeli zetu humpa mnyama a- hata jina lake likianza kwa ki-, kama kipepeo, na mmea hubaki u- hata ukimla kipepeo huyo. Nao wingi wake? Mmea mla wadudu nakubali. Mimea mila wadudu hunikwaruza sikio, na mimea wala wadudu huifanya kuwa watu. Wajuzi wa sarufi mnaosoma hapa, nisaidieni.

Jina nalo linanisumbua. Kiyunani kimeuita wenye umande, na Kiingereza umande wa jua. Tungeweza kuazima picha hiyo. Lakini picha ya kwetu ilikwisha tolewa darasani, nami niliikalisha chini. Ndugu yake, Drosera madagascariensis, huota porini humu humu Tanzania. Huenda babu na mabibi wa huko wamekuwa na jina lake siku zote. Anayelijua aniandikie, hata likiwa si la Kiswahili.

Mwezi huu mmoja umetoa ua la zambarau kwenye kikonyo kirefu, mbali na majani. Mjukuu wangu amebandika karatasi kwenye kioo, kwa penseli: “Mlimbo. Anakula nzi.” Kalamu nyekundu ninayo bado mezani. Karatasi ile sijaigusa.