Dawa Isiyo na Jina

Neno dawa ni miongoni mwa maneno yafanyayo kazi nyingi bila ya kupumzika. Anywacho mgonjwa ni dawa, kisafishacho meno ni dawa, king'arishacho viatu ni dawa, na kimwuacho panya ni dawa vilevile. Wasukuma nao wana neno lao, bugota, ambalo huenea toka mizizi ya kutuliza tumbo hata kago la kulinda shamba na jicho la jirani. Si kosa la lugha kuwa na neno karimu namna hii. Walakini ukarimu huu waweza kumponza mtu ambaye kazi yake ni kushika dawa kumi kwa siku moja, hasa ikiwa baadhi yake zimo katika chupa zisizokuwa na maandishi.

Mwamapalala ni kata ya wilaya ya Itilima katika mkoa wa Simiyu. Kabla ya mwaka 2012, mkoa huo ulipoundwa, sehemu hii ilihesabiwa katika wilaya ya Bariadi, mkoa wa Shinyanga. Ni nchi ya pamba, na penye pamba pana funza wa vitumba, na penye funza hapakosi bomba la kupulizia mgongoni mwa mkulima. Mwanamke mmoja aliyezaliwa huko alipata katika utu uzima wake kazi ya usafi katika kituo cha tiba. Alikuwa hana cheti chochote cha kazi hiyo. Elimu aliyokuwa nayo juu ya vitu vya hatari aliipata shambani kwa baba yake.

Elimu ile haikuwa ya kudharauliwa. Baba alipulizia asubuhi, kabla upepo haujachachamaa, na kila mara aliupa upepo mgongo. Aliwakataza watoto kusimama upande uendako ukungu wa dawa. Hakugusa ugali kabla ya kunawa mikono hata viwiko. Lakini kopo lilipokwisha lilisuuzwa mara mbili tatu likawekewa mafuta ya taa, na mafuta yalipokwisha likawekewa maji. Katika mashamba ya pamba ya Tanzania endosulfani ilitumika kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2011 mataifa yalipoiingiza katika orodha ya sumu za kukomeshwa chini ya Mkataba wa Stockholm. Kopo la sumu kama hiyo halisafishwi kwa kusuuzwa. Basi mzee yule aliujua upepo vizuri, asilijue kopo.

Binti alikwenda kazini na nusu ile ya elimu. Alikabidhiwa fagio, ndoo, kitambaa, na dawa. Klorini ililetwa katika dumu kubwa, na kwa kuwa dumu ni zito, mtu fulani aliona ni wepesi kuimimina katika chupa za soda. Dawa ya choo ilikuwa katika chupa yake ya dukani. Siku moja alimwaga chooni ile ya choo, akasugua, akaona uchafu bado. Akaongeza na ya chupa ya soda ili mbili zisaidiane. Wazo hili si la kipumbavu. Katika maisha ya kila siku kuni mbili huwaka kuliko ukuni mmoja, na watu wawili huinua gogo lililomshinda mmoja.

Harufu kali ilimpanda puani, macho yakajaa machozi, koo likafunga kana kwamba limekabwa na mkono. Hakukumbuka sharti lolote aliloambiwa hospitalini. Alikumbuka sauti ya baba yake shambani. Alitoka, akauacha mlango wazi, akasimama upande utokako upepo. Muuguzi, msichana aliyekuwa mdogo kwake kwa umri, alimkuta ameinama anakohoa.

"Mayu, umechanganya nini?"

"Dawa, mwanangu."

"Dawa gani?"

"Dawa ya choo na dawa ya sakafu."

Jibu lilikuwa la kweli, wala halikumsaidia muuguzi hata kidogo. Chupa moja aliweza kuisoma, akaona ni asidi. Ya pili ilisema ni soda. Ilimbidi aende mpaka stoo akatazame dumu, na wakati aliotumia kwenda na kurudi ulikuwa wakati wa mtu asiyeweza kuvuta pumzi vizuri. Alimweka kitini kwenye hewa mpaka jioni, maana madhara ya gesi ile kifuani aghalabu huchelewa kujionyesha.

Klorini iliyomo katika maji ya dawa hukaa kwa utulivu maadamu haikukutana na asidi. Zikikutana, gesi hutoka. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa kwa kadiri ya mara mbili na nusu. Haipandi darini, hukaa chini, na chini ndipo alipochutama yule anayesugua. Hata mkojo usiosafishwa kwanza kwa maji hutoa mvuke mbaya ukimwagiwa klorini, kwa sababu ya amonia iliyomo. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres katika Ubelgiji, Wajerumani walifungua mitungi ya klorini wakauachia upepo uipeleke kwa adui zao, na askari wengi walikufa mahandakini, maana handaki nalo ni mahali pa chini.

Na kitu hichohicho, miaka 68 kabla ya vita vile, kiliokoa wazazi. Ignaz Semmelweis, daktari Mhungari aliyekuwa Vienna, aliwaamuru madaktari mwezi wa Mei 1847 kunawa mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini kabla ya kumgusa mwanamke mwenye uchungu. Aprili ya mwaka huo wazazi 18 hivi katika kila 100 walikuwa wamekufa katika wodi yake. Mwezi wa Juni walikufa 2 hivi. Yatokeayo Ypres na yatokeayo Vienna hutofautishwa na kipimo, mahali, na alichojua yule aliyeshika chombo.

Kipimo chenyewe hakihitaji msomi. Ikiwa klorini ya maji ina nguvu ya sehemu 3.5 katika 100, kikombe 1 hutiwa vikombe 6 vya maji, ikapatikana dawa ya nguvu ya 0.5 itumikayo kuondoa wadudu wa maradhi katika vifaa vilivyoguswa na damu. Ikiwa ni unga wa nguvu ya 70, gramu 7 zatosha lita 1. Mchanganyiko hufanywa upya kila siku, maana huzimika wenyewe. Mtu anayekadiria kwa jicho akizidisha, huunguza ngozi yake na kutia kutu mikasi; akipunguza, huacha wadudu hai na kuwapa wenzake amani ya uongo. Lakini hesabu hii yote yaanza na kujua ni klorini gani iliyomo chupani, na chupa ya soda haisemi.

Hospitali ina vingine vingi vya namna hiyo. Fomalini, ambayo huhifadhi vipande vya nyama ya mwili kwa uchunguzi, imethibitishwa kuwa huleta saratani. Asiyeijua huidhani maji mpaka harufu imfikie. Glutaraldehaidi ya kutakasia vyombo huchoma macho na kuanzisha pumu. Zebaki ya kipimajoto kilichovunjika haifai kufagiliwa, maana fagio huipasua vijitone vingi zaidi. Hukusanywa taratibu kwa karatasi ngumu na kufungiwa katika chombo chenye kifuniko. Watoto huipenda kwa mng'aro wake.

Sheria hazikosekani. Katika mwaka 2003 Tanzania ilitunga ya usalama na afya mahali pa kazi, na katika mwaka uleule ikatunga ya kusimamia kemikali za viwandani na majumbani. Mwajiri hupaswa kumpa mfanyakazi vya kujikinga: glavu nene za mpira, aproni, viatu, miwani ya kukinga macho. Ajabu ni mpango wa kufundisha. Daktari ashikaye dawa kwa ncha ya kalamu husoma kemia kwa miaka. Mfagiaji azishikaye kwa viganja huonyeshwa ndoo ilipo. Yeye ndiye wa kwanza kuivuta hewa ya kila kosa, na aghalabu ni wa mwisho kuitwa kwenye semina.

Mwanamke wa Mwamapalala alipona. Aliporudi kazini aliomba kitu kimoja tu, nacho ni plasta ya kufungia vidonda pamoja na kalamu ya wino usiofutika. Kila chombo alikivika kipande cha plasta: jina, nguvu, na siku kilipochanganywa. Chupa za soda zilitupwa baada ya kutobolewa, ili zisirudi duniani zikiwa na maji ya kunywa. Barua zake hazikuwa nzuri, na neno klorini aliliandika kwa namna tatu mbalimbali, lakini lilisomeka.

Lilibaki suala la maji. Jicho lililorukiwa na dawa hutakiwa kuoshwa kwa dakika 15 mfululizo, na kanuni zifuatwazo Marekani hutaka lita 1.5 kila dakika. Jumla ni lita 22.5. Ndoo ambayo mwanamke wa Simiyu huibeba kichwani toka kisimani ni ya lita 20. Kwa hiyo jicho moja la mtu mmoja ni zaidi ya safari moja ya kisimani, na huko wakati wa kiangazi safari ni ndefu. Yeye aliweka ndoo mbili zenye bomba na kifuniko karibu na chumba cha kufulia, akazijaza kila asubuhi kabla ya kazi yoyote nyingine, akakataza mtu asizichote kwa kudekia. Dawa ya klorini ikishachanganywa haitofautiki na maji kwa macho. Basi ndoo hizo nazo alizibandika plasta, akaandika kwa herufi kubwa: MAJI.