Nani Alisoma Nini: Daftari la Innerpeffray

Kutoka mji wa Perth, katika Uskoti, basi hufuata barabara ya magharibi hadi Crieff, mji mdogo uliokaa mlimani. Hapo msafiri huacha barabara kuu, akashika njia nyembamba ya mashambani kwa mwendo wa kilomita sita hivi, hata akafika Innerpeffray. Asitazamie kuona mji wala kijiji. Pana kanisa dogo la kale lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 16, makaburi yake, magofu ya ngome karibu na mto Earn, na nyumba ya mawe iliyoungana na kanisa lile. Nyumba hiyo ni maktaba, na mtu asiyeambiwa angeipita akidhani ni nyumba ya padri.

Wageni wengi huja kuona vitabu vya kale. Mimi nilikuja kuona daftari. Sisi tunaofanya kazi za ofisini tunayajua madaftari: la barua ziingiazo, la barua zitokazo, la stoo, la mahudhurio. Hatuyapendi, na likijaa moja hutupwa juu ya kabati likawa chakula cha mchwa. Hapa Innerpeffray madaftari ya waazimaji vitabu yalianza kuandikwa mwaka 1747 na yakaendelea hadi 1968. Ni miaka 221, na bado yapo.

Mwanzilishi wa maktaba alikuwa kabaila mmoja, David Drummond, Lodi Madertie wa tatu. Katika wosia wake wa mwaka 1680 aliacha vitabu vyake mia nne hivi, vya Kiingereza, Kilatini, Kifaransa na lugha nyinginezo, vitumiwe na watu wa jirani bila malipo. Kwanza vitabu viliwekwa katika chumba cha darini pale kanisani. Nyumba ya sasa ilikamilika mwaka 1762, kwa jitihada za mtu wa ukoo huohuo, Robert Hay Drummond, aliyekuwa wakati huo Askofu Mkuu wa York. Mtunzaji wa vitabu alikuwa ndiye mwalimu wa shule ya mahali hapo. Walimu wenzangu watamwonea huruma: kufundisha watoto mchana kutwa, kisha kudai vitabu kwa baba zao.

Ndugu msomaji, ubora wa daftari hili hauonekani mara moja. Ni wino uliofifia, hati mbaya na hati nzuri zikifuatana. Mwazimaji aliandika jina lake, kitabu alichochukua, tarehe, na ahadi ya kukirudisha katika hali njema. Mara nyingi aliongeza kazi yake au mahali atokapo. Ukiyapitia majina ya karne ya 18 utawakuta mfumaji, mhunzi, mwashi, seremala, mshona viatu, kinyozi, fundi saa, mtunza bustani, mtumishi wa nyumbani, na hata mwanagenzi wa mtia rangi nguo. Wamo pia wachungaji, matabibu na wanafunzi, lakini hao tungewatazamia.

Kwa muda mrefu habari za usomaji katika Uingereza ziliandikwa kwa kutazama waandishi mashuhuri na matajiri waliokuwa na maktaba zao. Mfumaji wa bonde la Earn hakuulizwa alisoma nini, wala hakuacha kumbukumbu za maisha yake. Hakuchorwa picha. Huenda hata kaburi lake halina jiwe. Alama aliyoiacha duniani ya kwamba alikuwa msomaji ni mstari mmoja katika daftari la mwalimu. Daftari lingalitupwa, mtu yeyote angaliweza kusema kwamba watu wa kazi ya mikono hawakujishughulisha na vitabu, na asingalipatikana wa kumkanusha.

Na walisoma nini? Mahubiri, kwa wingi. Lakini historia nayo ilipendwa sana. Kitabu cha William Robertson juu ya utawala wa Kaisari Charles wa Tano, kilichotoka mwaka 1769 katika majuzuu matatu makubwa, kilikuwa miongoni mwa vilivyoazimwa mno hadi mwisho wa karne ile. Tusikimbilie kusema kwamba watu hao walikuwa wachamungu kupita kiasi au wataalamu wa mambo ya wafalme. Mwenye kuazima huazima kilichomo rafuni, na hadithi za kubuni hazikuwa nyingi katika rafu za Innerpeffray. Aidha wanawake ni wachache katika kurasa za awali. Hilo halionyeshi kwamba hawakusoma. Kitabu kilichochukuliwa kwa jina la baba au mume kiliweza kusomwa na nyumba nzima, na daftari likanyamaza.

Innerpeffray haiko peke yake. Kusini zaidi, katika milima mitupu, kipo kijiji cha Leadhills ambako wachimbaji wa madini ya risasi waliunda chama cha kununua vitabu mwaka 1741. Wanachama wa kwanza walikuwa 23, karibu wote wachimbaji, pamoja na mchungaji na mwalimu. Zamu yao ya kazi ilikuwa saa sita, jambo la nadra siku zile, hivyo walibakiwa na mwanga wa mchana wa kusomea. Siku hizi wataalamu wa vyuo vikuu vya Stirling na Glasgow wamekusanya madaftari ya maktaba 18 za Uskoti, ya kati ya 1750 na 1830, na kuyaingiza katika kompyuta ili kila mtu aweze kuyatafuta.

Hata hivyo daftari lina mipaka yake. Linasema kitabu kilichukuliwa, halisemi kilisomwa. Nani kati yetu hajawahi kurudisha kitabu bila kukifungua? Tena yapo masomo ambayo msomaji mwenyewe hataki yaandikwe popote. Samuel Pepys, mtumishi mkubwa wa serikali katika ofisi ya jeshi la maji huko London, aliacha maktaba ya vitabu 3,000 ambayo hata leo imehifadhiwa katika Chuo cha Magdalene, Cambridge, kwa sharti kwamba kisiongezwe kitabu wala kisitolewe. Lakini katika kumbukumbu zake za kila siku, alizoandika kwa hati ya mkato, alieleza jinsi alivyonunua kitabu kimoja cha Kifaransa cha mambo ya aibu mwezi Februari 1668, akakisoma, kisha akakichoma moto kisije kikaonekana kati ya vitabu vyake. Orodha ya maktaba haina habari hiyo.

Kwa sababu hiyo Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilianza mwaka 1996 kukusanya kila ushahidi wa mtu kusoma, kuanzia mwaka 1450 hadi 1945: barua, kumbukumbu za siku, maandishi ya pembeni mwa kurasa, hata maelezo ya mashahidi mahakamani. Shahidi aliyeitwa kueleza habari za wizi hutaja kwa kupita kwamba alikuwa ameketi akisoma gazeti. Hakimu hakulijali neno hilo, lakini karani aliliandika.

Na wasiojua kusoma kabisa? Mwandishi Henry Mayhew, aliyechunguza maisha ya maskini wa London na kutoa kitabu chake mwaka 1851, alisema kwamba kati ya wachuuzi wa mboga na samaki wa mitaani ni mmoja tu katika kumi aliyeweza kusoma. Lakini jioni walikusanyika kumsikiliza mwenzao akiwasomea hadithi zilizochapishwa katika magazeti ya bei ya chini, huku wakimkatiza kwa maswali. Mayhew aliambiwa pia habari za mtu asiyejua herufi hata moja ambaye alinunua gazeti kwa ajili ya picha iliyokuwamo, kisha akatafuta mwenye kujua kusoma amwambie picha ile ilihusu nini.