Ajenge Wapi Mstaafu wa Marungu?

Karani wa serikali ya Kenya huacha kazi atimizapo miaka 60, wala si 55 kama ilivyokuwa kabla ya mwaka 2009. Siku hiyo hupewa fungu la fedha ambalo hajapata kulishika maishani mwake, na fungu hilo haliji mara ya pili. Kwa mtu wa Marungu swali huwa moja: nyumba ya uzeeni aijenge wapi?

Wengi hutazama kwanza Mombasa, ambako wamekwisha kaa muda mrefu. Hospitali zipo, bandari ipo, na wanunuzi hawakosekani. Lakini kodi ya nyumba haistaafu pamoja na mpangaji. Tena pwani kuna desturi ambayo mtu wa bara huishangaa, nayo ni ya kuuziwa nyumba bila ardhi: kuta na mapaa ni mali ya mnunuzi, bali kiwanja ni cha mwingine, naye hulipwa ada yake. Yafaa mzee aulize habari hiyo kabla ya kutoa hata senti moja.

Wundanyi, iliyokuwa makao ya wilaya kwa miaka mingi, ina hewa baridi na chemchemi za milimani. Hata hivyo mashamba yake ni vipande vidogo vya kurithiwa, na vilima vile si rafiki wa magoti ya mzee.

Kwa biashara, Voi huishinda miji yote ya Taita. Reli ya kwanza ilifika hapo mwishoni mwa karne ya 19. Tawi la kwenda Taveta likajengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Na gari la moshi jipya likaanza kusimama Voi mwaka 2017. Pana hospitali kubwa ya kaunti na barabara ya lami iendayo mpaka wa Tanzania. Joto ni kali na viwanja ni ghali, lakini chumba cha kupangisha hakikai kitupu siku nyingi.

Sasa Marungu kwenyewe. Soko lake ni Maungu, mji mdogo kando ya barabara kuu, kilomita 30 hivi kutoka Voi kwa njia ya Mombasa. Madereva wa malori husimama hapo kula na kulala, na mwenye mkahawa hupata riziki usiku na mchana. Ila riziki hiyo hutegemea amri zitolewazo mbali. Makasha ya bandarini yalipoanza kupelekwa kwa reli mpya mwaka 2018, na wenye mizigo wakalazimishwa kuitumia, miji ya njiani ilipungukiwa na wateja. Amri ile iliondolewa mwaka 2022. Mtu aliyetia fedha zake za uzeeni katika mkahawa katikati ya miaka hiyo hakulala usingizi mzuri.

Shamba la Marungu halinunuliwi na mwenye kurithi, na jamaa wako karibu. Mvua za vuli zikija vizuri, mahindi na pojo hupatikana. Shida ni maji. Bomba la Mzima, lililojengwa katika miaka ya 1950, huyapeleka maji Mombasa likipita katika nchi hii kavu, na hali watu wengi wa huku hununua maji kwa mitungi. Shida ya pili ni ndovu wa Tsavo, mbuga iliyofunguliwa mwaka 1948, ambao hawajui mpaka wa shamba la mtu.

Kwa hiyo wako wanaogawanya fungu lao. Sehemu moja hujenga vyumba vya kupangisha Voi, sehemu ya pili hujenga nyumba Marungu, na kodi ya Voi ndiyo hulipia lori la maji wakati wa kiangazi. Tangi hutangulia rangi ya kuta. Nalo hujengwa imara, mbali kidogo na mlango wa kulala, kwa maana ndovu akinusa maji usiku hapigi hodi.