Mkutano usio na karatasi ya majina

Sisi vijana wa hapa Nakivale tumezoea kuandikwa. Ukienda kuchukua sabuni unaandikwa, ukienda semina ya amani unaandikwa: jina, namba ya familia, namba ya simu, sahihi, na kama hujui kuandika unaweka kidole. Soda na pesa ya usafiri vinafuata karatasi. Kwa hiyo tuliposikia habari za mikutano ya watu wanaotaka kuacha pombe, swali letu la kwanza lilikuwa moja tu: majina yanapelekwa wapi?

Si swali la utani. Wengi wetu familia zetu zinangojea safari ya kwenda Marekani au Kanada, na kila mtu amesikia kwamba kwenye vipimo vya afya wanauliza habari za pombe. Kijana anawaza, nikiandikwa mlevi leo, kesi ya mama na wadogo zangu itasimama. Afadhali ninywe kimya kimya. Tumewasikia wakisema hivyo, tena watu wenye akili zao.

Na pombe yenyewe haiko mbali. Tonto ipo, kasiksi ipo kwa sisi wa Kivu, waragi ndiyo usiseme. Ile ya vifuko ilipigwa marufuku Uganda mwaka 2019, lakini chupa ndogo za plastiki zikashika nafasi yake. Wanaouza wengi ni mama zetu. Hatuwezi kuwatukana, maana pesa hiyo ndiyo imelipa shule ya baadhi yetu, na tangu mgao ulipopungua imekuwa pia chakula. Mtu anaacha pombe huku analala chumba kimoja na jerikeni ya pombe.

Tulipoanza kutafuta msaada tuliuliza kwanza kanisani. Walimwombea mwenzetu, tunashukuru, ila kesho yake asubuhi habari zake zilikuwa zimeshafika bombani kabla ya maji. Kampala mikutano ya Alcoholics Anonymous ipo, lakini nauli hatuna. Mmoja wetu akaupata mkutano wao kwenye intaneti, kwa Kiingereza, tukakaa wanne kwenye simu moja. Bando likaisha mtu wa tatu akiwa bado anajitambulisha.

Lakini tulichosikia kilitosha. Chama hicho kilianza Akron, Ohio, mwaka 1935, pale walevi wawili, Bill Wilson wa biashara ya hisa na daktari Bob Smith, walipoona kwamba kuongea wao kwa wao kunawasaidia wasinywe. Hakuna ada. Sharti la kuingia ni kutaka kuacha kunywa, basi. Jina la kwanza linatosha. Na watu wawili au watatu wakikaa pamoja kwa ajili hiyo, tayari ni kundi. Hiyo ya wawili watatu ndiyo ilitufungua macho. Yaani sisi tulikuwa tunangojea mradi uje!

Sasa tunakutana Jumapili alasiri, kwa sababu Jumapili ndiyo siku ngumu. Tunaongea Kiswahili, na Kinyarwanda au Kifuliiru kikiingia hamna anayekataza. Mtu anasema yake, wengine wanasikiliza. Hakuna kumkata wala kumpa mahubiri. Mwanzoni hilo lilitushinda, maana kwetu mzee akinyamaza mbele ya kijana mwenye shida anaonekana hamjali. Dada zetu wawili walikuja mara moja wakasema watakaa peke yao, wanawake kwa wanawake. Tukawaelewa. Mwanamume akilewa anachekwa, msichana akilewa anatukanwa hadi na watoto.

Mgeni akija kuna jambo tunamwambia kabla ya yote. Kaka, kama unakunywa kila siku kuanzia asubuhi, usikate ghafla ukiwa peke yako. Mikono inatetemeka, jasho linatoka, na kwa wengine, siku ya pili au ya tatu, inakuja degedege au kuona vitu visivyokuwepo. Hiyo inaweza kuua. Hapa watu hudhani karogwa, wanampeleka kwa mganga. Pita kwanza kituo cha afya, uwaambie ukweli unakunywa kiasi gani, maana dawa za kukusaidia kipindi hicho zipo, na daktari au nesi ndiye anayejua zako.

Ndugu zetu wa mashirika, hapa ndipo tunapowahitaji mtusikilize. Shirika moja lilikuja kwa moyo mzuri, likaleta chai na mkate, halafu ikatoka karatasi. Jina, namba ya familia, sahihi. Tulikuwa 11. Chai ilipoisha kumiminwa tulikuwa 4, na wawili kati ya walioondoka hatujawaona tena kwenye mkutano, ingawa sokoni tunawaona.

Tunajua na ninyi mna wakubwa wanaotaka ripoti. Tulikaa na kijana wao wa mradi, tukaongea naye mara tatu. Mwishowe akakubali kuhesabu vichwa tu: wangapi wamekuja, wangapi ni wageni. Viti wanatuachia Jumamosi jioni, wanavichukua Jumatatu, na siku yenyewe hawaji. Chai tunachemsha wenyewe.

Jumapili iliyopita tuliwapelekea namba: 9, wageni 2.