Mdondo Ulipopungua, Mwewe Akabaki

Nilipotoka chuo cha mifugo Mpwapwa na kupangiwa kazi mkoani Singida, nilijua nimekwenda kwenye mkoa wa kuku. Mabasi na malori ya Dar es Salaam yalipakia matenga ya kuku wa kienyeji, na mama mwenye matetea wachache uani alitegemea hao hao kwa ada ya mtoto, sabuni na nauli ya kwenda hospitali. Adui tuliyefundishwa chuoni alikuwa ugonjwa wa mdondo. Ulikuwa ukiingia kijijini unafagia kila boma, na sisi mabwana mifugo tunabaki kutoa pole.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tukaanza kuchanja kwa I-2, chanjo inayotengenezwa hapa hapa nchini na inayostahimili joto kuliko zile za zamani. Ni tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Palipochanjwa sawasawa, kuku wakubwa walipona. Ndipo akina mama wakaanza kuniuliza jambo ambalo madaftari yangu ya chuo hayakuligusa: "Bwana mifugo, kuku hawafi tena kwa ugonjwa, mbona hawaongezeki?"

Tetea hulalia siku 21, anatoka na vifaranga kumi au kumi na wawili, na kabla hawajaota mbawa za kueleweka wamebaki watatu. Wengine wameliwa. Zamani hasara hiyo haikuonekana kwa sababu mdondo ulikuwa ukija kumaliza wote. Sasa ilionekana, na ilikuwa kubwa.

Kusoma alama za mwindaji nilifundishwa na bibi mmoja wa Kinyaturu, si na mwalimu wa chuo. Alinitumia mjukuu asubuhi na mapema, nikamkuta amesimama mlangoni mwa banda amewazuia watoto wasikanyage.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Usiingie kwanza. Tazama chini, halafu utazame juu."

Chini palikuwa na tetea mmoja, kichwa na shingo vimeliwa, mwili mzima umeachwa. Vumbini hapakuwa na mchimbo wowote. Juu, kati ya ukuta wa udongo na paa, palikuwa na ufa wa vidole vitatu, na kwenye ncha ya boriti zilinasa nywele fupi za kijivu na nyeusi. "Kanu," alisema bibi. "Mwili wake haukupita na kuku, ndiyo maana kamwacha. Kesho atarudi." Tuliuziba ufa ule siku hiyo hiyo kwa udongo na vipande vya matofali.

Kwake nilijifunza mengi ambayo baadaye nilifundisha vijiji vingine. Kifaranga akitoweka mchana bila damu wala nyoya, huku mama yake ameinamisha kichwa na jicho moja limeelekea mbinguni, huyo ni mwewe. Mayai yakiondoka pamoja na maganda yake, shuku nyoka au kenge. Ukikuta maganda yamepasukia kwenye jiwe, ni nguchiro, maana yeye hulirusha yai kinyumenyume kati ya miguu yake ya nyuma mpaka lipasuke. Vifaranga waliotafunwa miguu na kuburutwa kwenye kishimo cha ukutani ni kazi ya panya. Na ukikuta msingi umechimbuliwa, mbao zimeng'olewa, kuku wamelala chini kundi zima, nyegere amepita. Huyo haishii kwa kuku anayemtosha.

Bibi alijua pia milio. Kuku akimwona ndege angani hutoa mlio mwembamba, mrefu, na vifaranga hujibanza palepale. Akimwona mnyama anayetembea ardhini hupiga kelele za mkatokato, kichwa juu, na boma lote linasikia. Wataalamu wa tabia za wanyama wameipima tofauti hiyo. Bibi aliijua kwa kukaa uani.

Ndiyo maana nilikuwa na wasiwasi walipoletwa kuku chotara, Sasso na Kuroiler, ambao vifaranga wao hulelewa kwa taa ya joto bila mama. Wanakua haraka na wanalipa. Lakini ukiwaachia uani wakiwa wadogo, hakuna wa kuwaonya. Tetea wa kienyeji wa aina ya Kuchi, akiwa na vifaranga, humrukia hata mbwa.

Kinachookoa vifaranga ni banda, na halihitaji fedha nyingi. Sakafu iinuliwe kwa nguzo, au msingi uzungushiwe mawe bapa yaliyozikwa ili mchimbaji akwame. Madirisha yawe na wavu mgumu wa matundu yasiyopitisha kidole, kwa sababu ule wavu laini wa kuku nyegere anauchana. Mlango ufungwe kwa komeo kabla giza halijaingia. Vifaranga wakae ndani ya tenga na mama yao wiki nne za mwanzo, wapewe chakula na maji humo, na wakitoka wawe karibu na kichaka cha kukimbilia. Wapo wanaowapaka vifaranga rangi ya zambarau ili mwewe awaogope. Nilikoiona, mwewe aliizoea. Tenga halizoeleki.

Jambo lililoniuma kuliko yote katika kazi yangu ni sumu. Mtu aliyeliwa kuku wake hupaka nyama dawa ya pamba na kuiacha njiani usiku. Nimeona asubuhi mbwa wa jirani amelala kando ya nyama ile, fungo kando yake, na tai waliotua kula mizoga nao wamekufa. Nyegere hakuwemo. Bundi naye huuawa kwa kusingiziwa uchawi, hali ndiye anayekamata panya wanaokula vifaranga. Na baada ya mauaji yote hayo, ufa wa bandani ulibaki wazi, na kuku waliendelea kuliwa.

Vijana mnaopangiwa vijijini leo, mnapokwenda kuchanja msiishie kwenye jicho la kuku. Ombeni kuonyeshwa banda, mpapase kuta zake, mzibe tundu pamoja na mwenye nyumba kabla hamjaaga. Nanyi wafugaji wenzangu, acheni sumu. Jengeni.