Nailoni Juu ya Kiti

Ruhembe, wilayani Kilosa, mashamba ya miwa huchomwa kabla ya kuvunwa. Masizi hutua kwenye nguo zilizoanikwa, na pia kwenye viti vya Land Rover Series III aliyoniachia baba. Toleo hilo lilitengenezwa kati ya 1971 na 1985, na viti vyangu bado ni vile vile vya ngozi bandia.

Wengi hunishauri nivifunike kwa nailoni. Nakataa. Nailoni hufungia unyevu. Chini yake ukungu huota na mishono huoza, huku juu kukimeremeta. Natumia kava za pamba, ambazo huvuliwa na kufuliwa kila wiki. Masizi nayafuta kwa kitambaa chenye maji, kwani yakisuguliwa makavu hukwaruza. Gari hulala kivulini, maana jua huikausha ngozi bandia hata ikapasuka. Uzi ukiachia, fundi hushona kabla tundu halijawa pango.

Kutunza, basi, ni kufunua na kukagua. Mali ya umma mara nyingi tunaitunza kinyume chake: tunafunika, tunakabidhiana, tunatia saini. Nimesoma taarifa za utekelezaji zinazong'aa kama nailoni, ilhali zahanati inayoelezwa humo haina dawa.

Mtumishi wa umma, nawe mwanafunzi utakayerithi nafasi yake, kiti ulichokalia si chako. Kifunue kingali kinashoneka, na uwaruhusu wananchi waone kilichomo chini yake.